Katoni 60 na laga moja

"Ngoja lori lijae, utaokoa pesa." Ushauri huo nilipewa na watu walionitangulia kwenye kazi, nikaufuata. Sitaufuata tena.

Nilikuwa nimekabidhiwa stoo ya lishe Lodwar, Turkana. Zahanati moja upande wa Loima ilibakiwa na pakiti za plampi (uji mzito wa karanga wa kutibu utapiamlo) za siku nne tu, na watoto wenye utapiamlo mkali, mzunguko wa mkono wa juu chini ya sentimita 11.5, walikuwa wanaongezeka. Lori likangoja mzigo wiki nzima.

Tulifika kwenye laga, mto wa msimu, jua likiwaka, mchanga mkavu kabisa. Mzee aliyekuwa akichunga mbuzi akatuzuia: "Vijana, milimani kumenyesha. Ngojeni." Tulikuwa tumechelewa, tukaingia. Katikati, magurudumu ya nyuma yakazama. Tukachimba kwa sahani na mikono, tukaweka matawi, lori likazidi kudidimia. Ndipo nikasikia mngurumo, nikadhani ni gari jingine linakuja.

Hakuna aliyengoja kuambiwa. Yule mzee, wachungaji wenzake, dereva, utingo na mimi tukajipanga mstari, tukapokezana katoni hadi ukingoni. Kila moja ina kilo kama 14, na mikono ilishaanza kutetemeka. Maji yalipolifikia lori tulikuwa tumeshusha 47. Kumi na tatu zikalowa. Pakiti ni za foili, kwa hiyo nyingi zilipona, lakini tulizikagua moja moja, pakiti 150 kwa kila katoni, na iliyotoboka tuliitupa. Iliniuma sana. Katoni moja humtibu mtoto mmoja wiki sita hadi nane.

Siku hizi natumia pikipiki. Katoni tatu kwa kila moja: mbili ubavuni, moja nyuma, kila katoni ndani ya nailoni nene halafu gunia la unga. Usifunge kwa kamba ya katani. Mpira wa tyubu ya baiskeli unashika vizuri. Nauli inazidi ya lori kwa elfu tatu, nne hivi. Na idadi naitoa kwenye rejista ya watoto, siangalii mwezi uliopita zilipelekwa ngapi. Kina mama nao hurudisha pakiti tupu, muuguzi anazihesabu kabla ya kuwapa nyingine.

Safari ya mwisho zilienda pikipiki sita. Kwenye laga ile ile waendeshaji walizima injini, wakamsalimia mzee, wakangoja saa mbili mpaka aliposema twendeni. Katoni 18 zilifika kavu.