Sifuri ya mwisho

Leo nimeshinda na namba moja: 0.0042. Ukurasa ninaoutengeneza unaonyesha vipimo vya maabara, na kwenye jedwali kipimo hicho, cha gramu, kilisomeka 0.00. Kosa ni langu. Nilikuwa nimeweka toFixed(2), amri ya lugha ya JavaScript inayoandika namba kwa nafasi mbili za desimali, kila mahali nikiamini nafasi mbili za desimali zinatosha. Kwa fedha sawa. Kwa kitu kidogo kilichopimwa kwa uangalifu, zinakifuta, na msomaji anaondoka akijua hakikuwepo.

Nikahamia toPrecision(3), ambayo huhesabu tarakimu za maana kuanzia ile ya kwanza isiyo sifuri. Ikatoa 0.00420. Nilifurahi kidogo tu, maana niliitazama ile sifuri ya mwisho nikajiuliza imetoka wapi. Mizani haikuisoma. Kuiandika pale ni kumwambia mtu kwamba tulipima mpaka hapo tukakuta sifuri, na hatukupima. Mstari wa chini, kwenye hesabu ya chembe hai, seli 123456 zikawa 1.23e+5, yaani 1.23 mara 100,000, kwa kuwa namba nzima ilikuwa na tarakimu nyingi kuliko tatu nilizoomba.

Basi nikajaribu Intl.NumberFormat, zana ya JavaScript ya kupanga namba kwa msomaji, na maximumSignificantDigits: 3, yaani tarakimu za maana zisizidi tatu. Seli zikawa 123,000, gramu zikabaki 0.0042. Nikadhani nimemaliza, hadi nilipoona 2.5 mahali ambapo kifaa kiliandika 2.50. Safari hii sifuri ya kweli ndiyo iliyopotea.

Hapo ndipo nilipolielewa tatizo. Ndani ya JavaScript, 2.5 na 2.50 ni namba ile ile. Hakuna alama yoyote inayokumbuka kifaa kilisoma hadi wapi. Hakuna mpangilio wa maonyesho utakaorudisha kitu ambacho hakikuhifadhiwa. Kwa hiyo nimeongeza safu kwenye hifadhidata: tarakimu za maana zinahesabiwa kwenye maandishi yanayotoka kwenye kifaa, kabla hayajageuzwa namba. Idadi hiyo ndiyo ninayoipa minimumSignificantDigits na maximumSignificantDigits kwa pamoja, ili tarakimu zisipungue wala zisizidi. Jioni hii jedwali linasoma 0.0042, na chini yake 2.50, kama vifaa vilivyosema.

Rekodi za zamani ndizo zinazoniuma. Ziliingia kama namba tupu, na 2.5 iliyomo humo huenda ilikuwa 2.50, huenda 2.500. Safu yao nimeiacha wazi.