Kiungo Kisichofichwa

Mwaka jana mteja mmoja aliniletea karakanani kiti cha kulia chakula alichokuja nacho kutoka Denmark. Kilikuwa cha msaji uliokwisha kuiva rangi kwa miaka mingi, na mguu wake mmoja wa nyuma ulikuwa umelegea. Aliniomba nitie skrubu mbili ili akichukue jioni, nami nikamwomba aniachie kwa siku tatu. Nililainisha gundi ya zamani kwa kitambaa kilicholowa maji ya moto, nikagonga taratibu kwa nyundo ya mbao, na mguu ulipoachia nikakuta ulimi, yaani ile ncha ya mbao inayoingia tunduni, wenye kingo zilizonyooka kana kwamba ulichongwa jana, alama za patasi zikiwa bado zinaonekana begani. Katika kiti kizima hapakuwa na msumari wala skrubu. Kilichokuwa kimechoka ni gundi peke yake. Nilisafisha tundu, nikapaka gundi mpya, nikakikaza kwa kamba na kijiti usiku kucha, na kiti kikarudi kwa mwenyewe.

Waliokiona siku zile tatu hawakuacha kukizungumzia, na wengi wamerudi na picha kwenye simu wakitaka kiti cha namna hiyo. Ninapowauliza ni kitu gani hasa kilichowavutia, karibu wote hunionyesha miguu: myembamba, ya mviringo, iliyotanuka kidogo na kuchongoka kuelekea chini. Miguu hiyo sasa imekuwa alama ya mtindo mzima wa katikati ya karne ya 20, na imebandikwa kila mahali, kuanzia vitanda hadi meza za runinga. Mimi mwenyewe niliwahi kununua kabati la sebuleni lenye miguu hiyo. Mwili wake ulikuwa wa maranda yaliyoshindiliwa kwa gundi na kufunikwa karatasi yenye picha ya mbao, na kila mguu umeshikwa na kibati chenye skrubu nne fupi. Haukupita mwaka mguu mmoja ukang'oka na kubomoka nao kipande cha maranda. Lile lilikuwa umbo bila kiungo. Ninachokiamini, na ndicho ninachowaeleza wateja wangu, ni kwamba urithi mkubwa wa kipindi kile kwa fundi wa leo ni kiungo, na umbo lilifuata baadaye.

Ukitazama namna mtindo huo ulivyozaliwa Denmark utaona kwa nini nasema hivyo. Mwaka 1924 Kaare Klint alianza kufundisha usanifu wa samani katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha Copenhagen, na somo lake la kwanza lilikuwa kupima. Wanafunzi walipima mwili wa mtu aliyeketi, wakapima mashati yaliyokunjwa na sahani ili wajue droo iwe na kina gani, na wakachora viungo vya samani za kale badala ya kuzidharau. Kuanzia mwaka 1927 hadi 1966, chama cha maseremala wa Copenhagen kiliandaa maonyesho kila mwaka ambapo msanifu na fundi walifanya kazi pamoja, mmoja akichora na mwingine akimwambia kinachowezekana na kisichowezekana. Msanifu Finn Juhl alikuwa na fundi Niels Vodder. Hans Wegner alikuwa na Johannes Hansen. Wegner, aliyezaliwa Tønder mwaka 1914, alikuwa na faida nyingine tena, kwa kuwa alianza akiwa kijana mdogo kwa kujifunza useremala wenyewe kabla hajafika shule yoyote ya usanifu. Mtu wa namna hiyo hachori kiti ambacho hajui kitaunganishwaje.

Kiti chake cha mwaka 1949 kinaeleza jambo hili kuliko maneno yangu. Wegner alikiita Kiti cha Mviringo. Wamarekani wakaja kukiita "Kiti" tu, bila neno jingine, na tarehe 26 Septemba 1960 wagombea urais Kennedy na Nixon walikalia viti hivyo katika mdahalo wao wa televisheni mjini Chicago. Mgongo na mikono ya kiti hicho ni upinde mmoja unaozunguka kiuno cha aliyeketi. Upinde kama huo haukatwi kutoka katika ubao mmoja, kwa sababu nyuzi za mbao huenda moja kwa moja. Ukizikata kwa kuzungusha, sehemu fulani zitabaki na nyuzi fupi zinazokatiza, na hapo ndipo kiti kitakapovunjika mtu mzito akikiegemea. Kwa hiyo upinde unafanywa kwa vipande vitatu, kila kimoja nyuzi zake zikifuata mwelekeo wake, na vipande hivyo lazima viungwe mahali fulani. Katika viti vya mwanzo Wegner aliusokota mgongo mzima kwa henzirani, vipande vyembamba vya mmea wa kusukia, ili kuficha viungo hivyo. Muda mfupi baadaye akabadili mawazo: akachonga meno yanayoingiliana kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana, akaondoa henzirani, na kumwachia kila mtu aone mstari wa meno ukipita juu ya mbao iliyolainishwa.

Uamuzi ule mdogo, wa kuvua henzirani, ndio ninaoukuta katika karibu kila karakana nzuri ya siku hizi inayofanya kazi kwa mkono, iwe Ulaya, Marekani, Japani au kwetu. Fundi anaacha kichwa cha ulimi kionekane upande wa pili wa mguu, tena pengine anakitia kabari ya mbao nyeusi ili kivutie macho. Anaacha meno ya droo wazi. Hapaki rangi nzito bali mafuta, ili nyuzi zisomeke. Kwa jicho la haraka hayo ni mapambo, lakini mnunuzi anayeona kiungo anaweza kukikagua, na fundi anayejua kitakaguliwa hana pa kujificha.

Nimejaribu kuchonga upinde wa meno kwa mkono. Nilitumia msaji, msumeno wenye meno madogo na patasi ya milimita sita. Shida haiko katika kukata. Iko katika kuchora, kwa kuwa unene wa penseli tu unatosha kuharibu kazi nzima, na ndiyo maana mafundi wa zamani walichora kwa ncha ya kisu. Kila jino linapaswa kuingia kwa kusukumwa na kiganja, si kwa kugongwa. Likigongwa, litapasua kipande cha jirani, nami nilipasua viwili kabla mkono haujazoea. Upinde unaungwa kwanza ukiwa bado mnene na wenye kona, kisha ndipo unapochongwa na kulainishwa kwa tupa na msasa hadi kiungo na mwili vinakuwa kitu kimoja. Wegner na Johannes Hansen hawakuidharau mashine kwa kazi ya kukata meno. Kazi ya mkono waliiweka mwishoni, pale kiganja kinapotambua kasoro ambayo jicho halijaiona. Naona mgawanyo huo ni wa busara, na sioni sababu ya fundi kujitesa kwa msumeno wa mkono ili tu aweze kusema hakutumia umeme.

Kipo kiti kingine cha Kidenmark ambacho msomaji wa Kiswahili hawezi kukipita bila kusimama, kwa sababu kinabeba neno letu. Mwaka 1933 Klint alitoa kiti alichokiita Safari. Asili yake ni kiti cha kufunguliwa vipande vipande cha maofisa wa Kiingereza nchini India, kilichopewa jina la mji wa Roorkee, ambacho baadaye kilisafiri na wawindaji hadi huku Afrika Mashariki. Miguu yake minne na mbao zake nne za kuunganisha havijatiwa gundi hata tone. Ncha za mbao hizo ni za mviringo na zimechongoka, nazo huingia katika matundu yaliyochongoka vivyo hivyo, kama kizibo katika mdomo wa chupa. Mtu akikaa, uzito wake huvuta kitambaa au ngozi ya kalio, yaani sehemu ya kukalia, miguu ikavutwa ndani, na viungo vikazidi kukaza. Kwa kuwa hakuna gundi, kila mguu unaweza kujigeuza kidogo na kutafuta mahali pake, na hivyo kiti hakitikisiki hata juu ya ardhi yenye mabonde. Ni miongoni mwa viti ambavyo maseremala wa mikono wa leo hupenda sana kujifunzia, na mwanafunzi wangu yeyote hukianza hicho kabla hajashika kiti cha gundi.

Mafunzo mengine ya kipindi kile yanatukuta tukiwa tayari tunayajua nusu. Kiti cha Wegner chenye mgongo wa umbo la Y, kilichochorwa mwaka 1949 na kinachotengenezwa mfululizo tangu 1950, kina kalio lililosukwa kwa mikono kwa takriban mita 120 za kamba ya karatasi iliyosokotwa. Mkazi wa pwani akiliona hashangai. Vitanda vyetu vimewambwa kwa ukambaa tangu zamani, na mzee anayejua kuwamba anajua pia kwamba kamba ilegezwe kidogo wapi na ikazwe wapi ili isije ikavuta fremu ikapinda. Nimemwomba mzee mmoja wa mtaani kwetu aniwambie makalio ya viti viwili kwa ukambaa wa miyaa, na vimekaa vizuri. Mkono wa kazi ile upo hapa hapa Tanga. Tulichokosa ni kuamini kwamba unastahili sebule.

Marekani nako George Nakashima alifika mahali hapo hapo kwa njia yenye uchungu. Alikuwa msanifu majengo aliyesoma vizuri, lakini mwaka 1942, kwa sababu ya asili yake ya Kijapani, alifungiwa pamoja na familia yake katika kambi ya Minidoka, jimbo la Idaho. Humo kambini alifanya kazi na seremala aliyejifunza kwa jadi ya Kijapani, Gentaro Hikogawa, akajifunza zana na viungo vya kwao. Mwaka 1943 alihamia New Hope, Pennsylvania, na karakana aliyoianzisha huko ipo hadi leo chini ya binti yake, Mira. Meza zote za ubao mzima wenye ukingo wa asili wa mti, zinazopendwa sasa katika hoteli na mikahawa, zina deni kwake. Mbao yenye ufa hakuitupa. Alivuka ufa kwa vipande vya mbao ngumu vyenye umbo la kipepeo, vilivyozamishwa kwa usahihi ili ufa usiendelee. Wapo wanaochonga vipepeo vya kubandika juu tu, kina cha milimita mbili, pasipo na ufa wowote. Jambo hilo linaniuma, kwa maana kipepeo kisichoshika kitu hakina kazi pale.

Msaji wa viti vile vya Denmark ulitoka Asia ya Kusini-Mashariki. Huo wetu, wa mti ule ule, unaoteshwa Longuza, wilayani Muheza, mwendo mfupi kutoka karakanani kwangu. Ubora wa mbao si tatizo letu kubwa. Tatizo ni haraka. Ulimi uliochongwa katika mbao mbichi husinyaa miezi michache baadaye, tundu likabaki kubwa, na mteja akaambiwa kwamba viti vya mtindo huo si imara.

Nimepokea oda ya viti sita vya kulia, vyenye mgongo wa vipande vitatu na meno wazi. Mbao zimepangwa juu ya paa la ndani la karakana, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, na hii ni wiki ya 11. Kila Ijumaa naushusha ubao mmoja ule ule na kuupima kwenye mizani, nikiandika uzito wake ukutani kwa chaki. Wiki mbili zilizopita ulipungua gramu 40, wiki iliyopita gramu 15. Utakapoacha kupungua kwa Ijumaa mbili mfululizo, nitaanza kukata.