Ufa wa Fremu ya Pawatila na Namna Tulivyoutengeneza

Pawatila yangu, yaani trekta dogo la magurudumu mawili linaloongozwa kwa mikono, ni ya miaka ile ambayo Kilimo Kwanza, kampeni ya serikali ya Tanzania ya kukuza kilimo iliyozinduliwa mwaka 2009, ilizileta mashine hizi kwa wingi katika mabonde ya mpunga, na niliinunua kwa mkulima mwenzangu hapa Mbarali ikiwa imekwisha kufanya kazi misimu kadhaa. Injini yake ni ya dizeli, silinda moja iliyolala, yenye nguvu ya farasi 12, nayo imekaa juu ya fremu ya vyuma viwili vya umbo la U vilivyofungwa kwa boliti kwenye giaboksi. Msimu uliopita, tukiwa katikati ya kuvuruga majaruba, yaani vitalu vya mpunga, mikanda inayopeleka nguvu kwenye giaboksi ilianza kulika upande mmoja na kuchomoka. Niliikaza mara mbili kabla sijakubali kwamba kasoro haikuwa kwenye mikanda.

Nilipoisafisha fremu kwa dizeli na brashi ya waya, niliona mstari mwembamba wa kutu ukianzia kwenye tundu la boliti ya nyuma ya injini, upande wa kushoto. Kutu ya namna hiyo, inayotokeza mahali rangi ilipokatika, ni dalili ya kuaminika, kwa sababu maji huingia ndani ya ufa na kutoka yakiwa yameibeba. Ili kujua ufa unaishia wapi, nilipaka mafuta ya taa, nikasubiri robo saa, nikapangusa mpaka pakawa pakavu kabisa, kisha nikapaka unga wa chaki. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani yakailowanisha chaki polepole na kuichora njia yote. Ufa ulikuwa umemaliza upana wa bapa la juu, yaani mkono wa juu wa ile U, na kushuka karibu nusu ya ubavu. Upande wa kulia kulikuwa na wa pili, uliopita kando kabisa ya mshono wa zamani wa kuchomelea.

Mshono huo wa zamani ndio ulionifundisha zaidi. Aliyeuweka alimimina chuma juu ya ufa bila kuufungua, ukaonekana umepona ilhali chini yake ulikuwa bado upo wote na unaendelea kutembea. Wahenga walitwambia tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta, na kwa ukuta wa udongo ni sawa, lakini ufa wa chuma ni lazima kwanza ufunguliwe mpaka mwisho wake, ndipo ujazwe.

Kabla ya kwenda kwa fundi nilitaka kujua chanzo, maana fremu haipasuki bila sababu, na sababu ikiachwa itapasua hata chuma kipya. Injini imening'inia mbele ya ekseli kama ndoo ya maji mkononi mwa mtu aliyenyoosha mkono, na uzito wake unazidi kilo 100. Kila tunapovuka tuta la jaruba kwa haraka tukiwa na magurudumu ya chuma, uzito huo hurushwa na kuangushwa, na bapa la juu la fremu, karibu na giaboksi, ndilo linalovutwa. Zaidi ya hayo, injini ya mipigo minne inayozunguka mara 2,000 kwa dakika huwaka mara 1,000 katika dakika hiyohiyo, na boliti zikilegea kila mwako huwa nyundo. Matundu ya boliti zangu yalikuwa yamekwisha kuwa na umbo la yai.

Tuliishusha injini watu wanne kwa mti na kamba, tukaifungua fremu yote kutoka kwenye giaboksi. Faida ya kuifungua si nafasi tu: fundi akichomelea fremu ikiwa mahali pake na akafunga waya wa ardhi mbali na kazi, umeme unaweza kupita ndani ya beringi na kuziharibu. Tulipima pembe kwa pembe kwa uzi, tukakuta upande wa kushoto umelala kwa milimita 8, tukaunyoosha kwa jeki. Fundi alitoboa tundu la milimita 6 mbele kidogo ya mahali chaki ilipoonyesha mwisho wa ufa, ili ncha kali ya ufa imezwe na duara lisilo na pa kuanzia, kisha akauchimba ufa kwa grenda katika umbo la V. Alichomelea vipande vifupi, akihama upande mmoja hadi mwingine, na kila kipande tulikiacha kipoe chenyewe. Mwanafunzi wake alileta kopo la maji, nikamwomba alirudishe, kwa kuwa kupoza mshono kwa maji ni kuualika ufa mwingine.

Katika bamba la kuimarisha ndipo tulipotofautiana. Fundi alipendekeza kipande cha springi ya lori, kwa hoja kwamba ni chuma kigumu. Ni kigumu kweli, lakini ugumu huo unatokana na kaboni nyingi, na chuma cha namna hiyo kikichomelewa bila kupashwa moto kwanza na kupozwa taratibu huwa chepesi kukatika kando ya mshono. Nilichagua bamba la chuma laini la kawaida, unene wa milimita 6 kama fremu yenyewe, kwa sababu bamba nene mno huhamishia mzigo wote kwenye ncha zake na kuipasua fremu hapo. Tulililaza ubavuni, urefu wa sentimita 30, ncha zake tukazichonga kama mkuki, tukachomelea kingo ndefu peke yake na kuziacha ncha zenyewe. Hakuna mshono hata mmoja uliokatiza bapa la juu, isipokuwa ule wa ufa wenyewe, nao tulisugua mpaka ukawa sawasawa na chuma. Matundu yalijazwa na kutobolewa upya, tukaweka boliti mpya za daraja 8.8, yaani za chuma chenye nguvu zaidi, na washa za springi.

Mahali palipotengenezwa nilipapaka rangi nyeupe, nyembamba, ili kutu ikitokea ionekane asubuhi ileile. Boliti nilizikaza tena baada ya saa ya kwanza ya kazi, kisha kila siku kabla ya kuwasha. Matuta sasa tunayavuka kwa mwendo wa mtu anayetembea, ingawa kijana wangu hulalamika kwamba tunachelewa.

Mavuno yalipokwisha nilirudia mafuta ya taa na chaki. Mishono yote miwili ilibaki mikavu, lakini boliti ya nyuma kushoto ilikuwa imelegea robo ya mzunguko, nikaibadilishia washa na kuikaza.