Ramadhani ya Bwana Afya

Paka wetu tulimwita Bwana Afya kwa sababu ya tabia yake ya kukagua. Sufuria likifunuliwa, yupo. Mgeni akivua viatu mlangoni, lazima vinuswe kimoja kimoja. Mdogo wangu alimwokota soko la Darajani, Unguja mjini, upande wa samaki, akiwa hajafika hata ukubwa wa kiganja, akampandisha ngazi za Michenzani ndani ya mkoba wa skuli. Majengo yale marefu, yaliyoanzwa zama za Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, hayakumfikiria paka: ua hakuna, na chini ni barabara na daladala. Kwa hiyo akawa paka wa ndani. Choo chake kilikuwa beseni la plastiki lenye maranda tuliyoomba kwa seremala, na alilitumia kwa adabu kuliko baadhi ya wageni walivyotumia choo chetu.

Adabu hiyo ilikatika Ramadhani ya mwaka ule dada aliporudi nyumbani kulea arubaini yake.

Wa kwanza kukojolewa ulikuwa mswala wa mama. Asiyekulia nyumba ya watu wanaosali anaweza kuona ni kitambaa tu, kifuliwe yaishe. Lakini paka ana hukumu mbili. Mwenyewe si najisi. Mama alikuwa akitukumbusha hadithi ya Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe, kisha akaeleza kwamba Mtume alisema hao ni katika wanaotuzungukazunguka. Mkojo wake ndio najisi. Ukigusa mswala, mswala utiwe tohara. Ukigusa nguo, nguo ile haisaliwi. Na siku zile maji ya bomba yalikuwa yanatufikia juu kwa kudra, kwa hiyo kila mkojo wa Bwana Afya ulikuwa na hesabu yake ya ndoo, na wa kuzipandisha ngazi ile kwa saumu nilikuwa mimi.

Baada ya mswala ikafuata kapeti ya sebuleni, kisha nepi za mtoto zilizokunjwa, kisha pembe moja ya godoro langu. Kila mtu akawa na tafsiri yake.

"Anatukomoa huyu," mjomba alisema. "Paka ana kinyongo, msimwone hivi."

Jirani wa mlango wa pili alikuwa na hakika ni wivu. "Kaja mtoto mchanga, yeye kashushwa cheo. Mshikeni, msugueni pua kwenye mkojo wake, atakoma." Mwengine akaanza kunong'ona habari za majini. Mama akamkata pale pale: "Mwezi huu mashetani wamefungwa. Tafuta sababu nyengine."

La kusugua pua mama alilikataa, na mpaka leo namshukuru. Nimeliona likifanywa kwenye nyumba za watu na sijaona paka aliyejifunza kitu, ila kumkimbia mwenye mkono. Maganda ya ndimu na pilipili tuliyatandaza, naye akahamia mahali pasipo maganda. Dada alimwaga jiki kwenye kapeti. Harufu iliyotoka hapo ilitufukuza sote sebuleni: jiki ikikutana na mkojo hutoa hewa kali inayokereketa macho na koo. Tukafuturu chumbani, tumebanana, mtoto analia.

Halafu ikaja zamu ya kanzu.

Mjomba alikuwa amekuja kufuturu kwetu akiwa na kanzu mpya, nyeupe pee, aliyoshonesha kwa ajili ya Iddi lakini subira ikamshinda akaona aivae tarawehe. Aliivua asije akaidondoshea uji, akailaza kitandani kwangu. Alipokwenda kuivaa tena tulisikia sauti ambayo mtu aliyefunga mchana kutwa hatarajiwi kuwa nayo.

"Dada! Paka wako kanikusudia!"

Tulijazana mlangoni. Doa lenyewe halikuwa kubwa, matone tu yaliyotawanyika karibu na kola. Mama aliinyanyua kanzu akaisogeza kwenye taa. Kwenye kapeti la rangi ya damu ya mzee tusingeona kitu, wala kwenye mswala wa kijani. Juu ya ile nyeupe ilionekana wazi: umanjano wenye wekundu pembeni.

"Huyu hakomoi mtu," mama alisema. "Huyu anaumwa."

Hapo kila mmoja akatoa alichokuwa amekiona na kukipuuza. Mdogo wangu alimkuta amechutama ndani ya sinki la jikoni. Dada alimwona akijilamba chini ya mkia bila kupumzika. Mimi nilikuwa nafuta matone siku zote hizo, na paka mzima hakojoi matone.

Usiku ule, watu wameamka kula daku, Bwana Afya alikwenda kwenye beseni, akachutama, akalia. Akatoka, akaenda bafuni kwenye sakafu ya baridi, akachutama tena. Hakutoka hata tone. Mjomba, aliyelala kwetu kwa kukosa kanzu ya kuondokea, alimtazama kwa muda kisha akasukuma sahani yake ya wali pembeni.

Asubuhi tulimpeleka kwa daktari wa mifugo, mzee mmoja aliyezoea zaidi ng'ombe na mbuzi. Alimkanda tumbo kidogo tu, akatuita tuguse: kibofu kilikuwa kimejaa na kukaza kama ndimu mbichi. Akauliza kama anakojoa kwa kusimama, mkia wima unatetemeka, akirusha ukutani. Hapana, tulisema, anachutama, na ameshahasiwa. "Basi hiyo si kuweka mipaka," alisema. "Mrija umeziba."

Alitueleza huku akitayarisha sindano ya usingizi. Paka dume mrija wake wa mkojo ni mwembamba mno kuliko wa jike, na chembechembe za fuwele zikichanganyika na ute wa kibofu huunda kizibo. Ukiziba kabisa, sumu inayopaswa kutoka na mkojo hurudi kwenye damu, potasiamu hupanda, moyo husimama. Siku mbili tatu zinatosha kumuua. Akiumia kila anapokojoa kwenye beseni, paka hulishuku beseni. Hutafuta mahali pengine, laini au pa baridi, akitumaini huko hakutauma.

Mjomba aliuliza bei. Ilipotajwa, kimya kikapita. Mama alikuwa na fedha za nguo za Iddi kwenye pindo la kanga na alianza kulifungua, lakini mjomba akamshika mkono. "Kanzu nimeshapoteza," alisema, "nisipoteze na sababu yake." Akalipa, akinung'unika, na alinung'unika mpaka Iddi Mosi.

Bwana Afya alilazwa, akatiwa mrija wa plastiki na kusafishwa kibofu kwa maji ya dripu. Tulirudishiwa akiwa amelegea, na maagizo mengi. Apewe chakula chenye majimaji, dagaa wakavu wenye chumvi waachwe, kwa kuwa asili ya paka ni majangwani na kiu yake ni ndogo. Bakuli la maji liwe mbali na choo. Na yule jirani hakukosea kabisa: nyumba ikigeuka ghafla, wageni wakizidi, paka hupata wasiwasi, na wasiwasi huchokoza kibofu. Tukakumbuka kwamba beseni lake tulilihamisha dada alipokuja, likawekwa kando ya pampu ya maji inayonguruma usiku. Tulilirudisha kwenye kona yake, tukaongeza la pili chumbani kwangu. Kapeti tukaifua kwa sabuni na siki, tukaianika roshani juani mpaka hata pua ya mama ikaridhika.

Daktari alitaka kujua jambo moja tu: akikojoa, kiasi gani? Tulimngojea. Alasiri, watu wamejilaza na saumu zao, mama akasikia maranda yakiparuliwa. Alituita kwa mkono, bila sauti. Tukasimama mlangoni mimi, dada na mtoto begani, mdogo wangu, na mjomba ndani ya kanzu ya kuazima, tunamtazama paka. Alichutama. Akatutazama kwa dharau. Akaendelea, na akaendelea.

Mama alikuwa ameshapiga simu. "Kakojoa, daktari," alisema. "Kakojoa hasa. Subiri, nikupe mjomba wake akueleze, maana yeye ndiye aliyekuwa karibu."