Siku moja maishani mwangu: mtakwimu wa jeni, Mombasa

Saa 12 asubuhi

Huku Kibokoni siku huanza kwa mahamri. Anayeyauza ni mama wa uchochoro wa pili, na habari zote za mtaa hupita mezani pake kabla ya kufika popote. Yeye ndiye aliyeeneza kwamba mimi ni daktari wa damu. Kila nikimwambia, "Mama, mimi si daktari, kazi yangu ni takwimu," hunijibu, "Na hizo hesabu si wazifanya za damu?" Nimeshamwachia.

Leo nimemkuta mama mwingine ananingoja. Bintiye ana mtoto mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na sasa ni mjamzito tena. Kanivuta kando.

"Mwanangu, hospitali walisema ni mmoja katika wanne. Huyo mmoja si tushampata? Hawa watatu waliobaki si watakuwa wazima?"

Hata watu wenye digrii hudanganyika hapo. Baba na mama wote wawili wakiwa wabebaji, yaani kila mmoja ana nakala moja ya jeni ya selimundu na mwenyewe haumwi, basi kila mimba ina robo yake. Mimba ya pili haijui ya kwanza ilipata nini. Wazazi kama hao wakizaa watoto 4, uwezekano wa kupata angalau mmoja mgonjwa ni kama asilimia 68. Wako watakaopata wawili, na wako watakaomaliza uzazi wao bila hata mmoja. Hizo asilimia sikumtajia. Nilimwambia robo iko pale pale, na mtoto akizaliwa apimwe mapema, asingojewe mpaka avimbe vidole.

Akafikiri kidogo. "Na akiwa msichana?"

"Mama, msichana na mvulana ni mamoja."

Saa 1 na nusu

Naishi kisiwani na ofisi iko Nyali, kwa hivyo navuka daraja wakati watu wengi wanakuja upande huu. Kwenye foleni za Mombasa, hiyo ndiyo bahati yangu.

Saa 2

Watu hudhani mtakwimu wa jeni hushinda akigundua jeni. Asubuhi zangu nyingi huishia kwenye ukaguzi. Damu ikishatolewa, maabara hutoa DNA na kuipanga kwenye sahani za plastiki zenye vishimo 96, safu 8 kwa 12. Kisha kila mtu husomwa nukta zaidi ya milioni 2, yaani mahali ambapo herufi za DNA hutofautiana kati ya mtu na mtu, kati ya herufi kama bilioni 3 za jenomu nzima, DNA yote ya mtu. Mimi huletewa faili, nilinganishe wagonjwa na wazima, nione ni nukta zipi zinaambatana na ugonjwa. Damu siioni, majina siyaoni, naona namba tu.

Ukaguzi wa kwanza ni wa jinsia. Kromosomu ni vifurushi vya DNA. Mwanamke ana kromosomu X mbili, kwa hivyo katika nukta nyingi za X atakuwa na herufi mbili tofauti. Mwanamume ana X moja, hizo tofauti atazitoa wapi? Programu ya PLINK hulinganisha jambo hilo na kile kilichoandikwa kwenye fomu.

Leo kuna sahani iliyonitoa macho. Vishimo vya mwanzo vyote viko sawa. Halafu, kuanzia safu ya katikati, kwenye kishimo tunachokiita E4, fomu na X zinagombana: huyu sawa, huyu siyo, hawa wawili sawa, yule siyo, mpaka mwisho wa sahani. Mgeni wa kazi angesema ni makosa yametapakaa ovyo. Lakini ukichanganya watu bila mpango wowote, karibu nusu yao bado watalingana kwa bahati, kwa sababu chaguo ni mbili tu. Nusu inayolingana, kuanzia mahali pamoja hadi mwisho, ni dalili kwamba kila sampuli imesogea kishimo kimoja. Nikaisogeza orodha nafasi moja kwenye kompyuta, na migongano yote ikaondoka isipokuwa mmoja.

Nikapiga simu maabara.

"Kaka, hebu nitazamie sahani ya 7, pale E4."

"Ina nini tena?"

"Nahisi kuna kishimo kilirukwa."

Nikasikia friji ikifunguliwa, kisha kimya, kisha pumzi. "Dada, E4 ni kikavu."

Kuna atakayesema basi, umeshajua, rekebisha uendelee. Sitaki. Kulingana kwa jinsia hakutoshi kumrudishia mtu damu yake, na ule mgongano mmoja uliobaki una kisa chake. Nimeomba sampuli kadhaa za sahani hiyo zisomwe upya, na yenyewe nimeitoa kwenye hesabu. Mgonjwa akihesabiwa kuwa mzima na mzima akahesabiwa kuwa mgonjwa, kompyuta hailalamiki. Inakupa tu jibu dhaifu, nawe unalipokea.

Saa 4

Baada ya jinsia, undugu. Ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki karibu nusu ya DNA yao, na mabinamu wa kwanza karibu thumuni. Pwani, ambako mtu kumuoa mtoto wa ami yake ni jambo la kawaida, namba hizo hupanda juu ya zile za vitabuni. Ukizitafsiri kama kitabu kinavyosema, utawaita watu ndugu na si ndugu.

Hapa pia ndipo mtu hubeba siri asizoziomba. Mara nyingine fomu yasema baba na mtoto, na DNA yasema hawa hawana uhusiano. Huenda ni sahani imesogea, huenda ni mtoto wa kulelewa, huenda ni jambo la nyumba ya watu. Kanuni yetu ni moja: uhusiano ule hufutwa kwenye faili ya hesabu, na hakuna anayeambiwa. Fomu ya ridhaa inalisema hilo wazi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inazihesabu taarifa za jeni miongoni mwa taarifa nyeti. Sijui majina yao, na nafurahi siyajui.

Saa 6 mchana

Stima zimepotea. Hesabu zenyewe zinafanyika kwenye seva iliyo mbali, hivyo kilichosimama ni feni tu, na kwenye joto hili la kaskazi si haba. Tumetoka nje chini ya mwarobaini, mimi na kijana aliyeletwa na chuo kujifunza kazi.

Ameniuliza kwa nini sikukubali kwamba nukta aliyonionyesha jana inahusiana na ugonjwa. Uwezekano wake wa kutokea kwa bahati tu ulikuwa chini ya 0.05, na darasani ndivyo alivyofundishwa. Nikamwambia apige hesabu: ukijaribu nukta milioni moja ambazo zote hazina kitu, na ukakubali kila iliyo chini ya 0.05, utatangaza ugunduzi wa uongo mara 50,000. Ndiyo maana fani hii imejiwekea mstari wa 5 katika milioni 100. Kabla ya mstari huo kuzoeleka, majarida yalijaa "jeni ya hiki" na "jeni ya kile", na nyingi hazikuonekana tena zilipotafutwa kwa watu wengine.

Kisha likaja swali ambalo vijana wote huuliza: nisome nini? Mimi nilisoma hisabati na takwimu, na biolojia nikaichukua njiani, kwa kuuliza maswali ya kijinga katika mikutano. Namshauri asiogope njia hiyo. Mtu wa takwimu anaweza kufundishwa kromosomu ni nini; kumfundisha mtu kuishi na shaka huchukua muda mrefu zaidi. Ajue R vizuri, ile lugha ya kompyuta ya takwimu, ajue kuandika programu ambayo mwenzake ataisoma, na ajue kwamba mikataba yetu hufuata miradi: fedha za mradi zikiisha, unaanza kutafuta upya. Mamangu bado hajaizoea hiyo.

Nikamwambia pia ukoo wa kazi hii. Mwaka 1918 mtakwimu Mwingereza Ronald Fisher aliandika makala iliyoonyesha kwamba kufanana kwa ndugu, kwa urefu kwa mfano, kunaweza kuelezwa na urithi wa Mendel, yule mtawa aliyegundua kanuni za urithi kwa kupanda njegere, wa jeni nyingi zenye athari ndogo ndogo. Humo humo ndimo neno la kitakwimu tunaloliita variansi, kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika, lilipozaliwa. Mwaka 1936 akarudi kwa Mendel mwenyewe, akakagua hesabu za njegere zake na kusema zimependeza kupita kiasi, kana kwamba mtu alizinyoosha. Fisher huyo huyo alikuwa muumini wa kuchagua nani azae na nani asizae. Akili ile na fikira ile kichwa kimoja. Kijana hajasema kitu, nami sikumlazimisha.

Saa 7

Wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari. Stima zimerudi.

Saa 9 alasiri

Mkutano wa mtandaoni na wenzetu wa Uingereza. Leo tumebishana, kwa adabu, lakini tumebishana.

Kuna nukta imevuka mstari. Wao wanataka kuanza kuandika. Mimi nikauliza wagonjwa wametoka wapi na wazima wametoka wapi. Pwani hii ina Wagiriama, Wachonyi, Wadigo, Waduruma, Waswahili wa miji, na watu wa bara waliohamia kazini. Kila jamii ina mgao wake wa herufi, kwa sababu ya historia tu. Wagonjwa wengi wakitoka upande mmoja na wazima upande mwingine, kompyuta itakupa maelfu ya nukta "za ugonjwa" ambazo kumbe ni za asili ya watu. Tunarekebisha hilo kwa hesabu, ndiyo, lakini marekebisho huwa mazuri kadiri unavyowajua watu wako.

Na hapo ndipo penye tatizo. Nukta ambazo hatukuzisoma tunazikisia kwa kutumia jenomu za watu wengine waliosomwa kikamilifu. Mradi wa jenomu 1,000, uliokamilika 2015, licha ya jina lake una watu 2,504 kutoka jamii 26. Kenya humo ni Waluhya wa Webuye, magharibi ya nchi. Nawaheshimu sana watu wa Webuye, lakini Webuye si Msambweni ya pwani yetu.

Ushahidi tunao jirani. Kilifi, ambako kuna kituo cha utafiti tangu 1989, ilionekana kwamba aina ya damu iitwayo Dantu, ambayo ni adimu mno sehemu nyingi za dunia, huwakinga watoto na malaria kali. Mwaka 2020 sababu ikaelezwa: utando wa seli nyekundu za watu hao umekaza zaidi, na kijidudu hushindwa kupenya. Jambo kama hilo hulioni ukitazama damu za Ulaya, hata uzipime milioni. Selimundu nayo ni hivyo hivyo. Mtafiti Anthony Allison alikusanya damu Kenya mwaka 1949, akaona wabebaji wamejaa pwani na kando ya Ziwa Victoria, huku nyanda za juu hawaonekani sana. Akahusisha na malaria, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi wake. Alianza na ramani kabla ya maabara.

Tumekubaliana: hakuna kuandika mpaka nukta ile ijaribiwe kwa kundi la pili. Mmoja wao hakufurahi. Atafurahi, au hatafurahi.

Saa 12 jioni

Barazani ami yangu na wenzake wanakunywa kahawa tungu. Tangu walipozisikia habari za makaburi ya kale hawajatulia. Mwaka 2023 watafiti walichapisha DNA ya watu 80 wa kati ya 1250 na 1800, wengi wao kutoka miji ya kale ya Waswahili, Mtwapa ikiwamo. Iligunduliwa kwamba wengi walikuwa na asili ya Afrika, hasa upande wa kina mama, na asili ya Asia, hasa upande wa kina baba. Asia hiyo mwanzoni ilikuwa Uajemi zaidi, na mchanganyiko ulianza kama mwaka 1000. Hadithi za Washirazi zilizodharauliwa kwa miaka zikapata mguu wa kusimamia.

"Basi nipime mimi," ami asema. "Tuwanyamazishe hawa."

"Ami, vizazi kumi nyuma una nafasi 1,024 za mababu. Wengine kati yao hawakukuachia hata kipande cha DNA. Na wale wa makaburini wengi walikuwa wakubwa wa mji, waliozikwa karibu na misikiti. Wavuvi na watumwa hatukuwaona."

"Mimi nimekuuliza kuhusu mvuvi?"

Wamecheka wote. Mzee mmoja aliyekuwa kimya akauliza kama DNA yaweza kuonyesha shamba la Kisauni lilikuwa la nani. Kwa bahati nzuri adhana ikaingia.

Saa 4 usiku

Watoto wamelala, intaneti ina kasi. Natuma kazi 22 kwenye seva, moja kwa kila kromosomu, zikimbie usiku kucha bila sahani ya 7. Kromosomu X nimeiacha. Hesabu yake ni ya peke yake, kwa kuwa wanaume wana moja na wanawake mbili, na sitaigusa mpaka maabara wanijibu kuhusu yule mmoja wa E4 kwenda mbele ambaye hata baada ya kusogeza alikataa kulingana.