Chupa ya ndimu dirishani

Leo nimefungua chupa ya achari ya ndimu. Imekaa dirishani wiki tano, na kila asubuhi naitikisa kabla sijatoka. Ganda lililokuwa la kijani na gumu limegeuka kahawia, ukiligusa kwa kijiko linaachia lenyewe. Humo sikutia tone la maji. Ni ndimu, chumvi, pilipili na jua la hapa Kirumba, Mwanza. Chumvi ndiyo iliyoyavuta maji kutoka ndani ya tunda mpaka vipande vikazama.

Achari ya siki, ile ya karoti, vitunguu na pilipili mbuzi, ukiitengeneza leo kesho unakula. Nzuri, lakini haina siku za kuingojea. Ndimu inakungojesha. Nasikia raha kujua kwamba Wakorea na kabichi yao ya kimchi nao wanangoja hivyohivyo, chumvi ifanye kazi na uchachu uje wenyewe bila siki.

Inayoniuma ni ya embe. Embe mbichi huja kwa wingi wakati uleule mvua za vuli zinapoanza, jua likawa la kuvizia. Mwaka juzi kaka aliniletea kiroba kutoka Sengerema, embe za mti alioupanda marehemu mama. Nilizikata, nikazipaka chumvi na manjano, nikazianika kwenye ungo, nikakimbia soko la Mwaloni kununua dagaa. Wingu likapanda kutoka ziwani. Niliporudi ungo umelowa. Nikavipangusa vipande kwa kitambaa, nikavitia kwenye mafuta pamoja na uwatu na haradali, nikijipa moyo. Siku ya tisa nikaona ukungu mweupe juu. Nilikaa kwenye kigoda jikoni nikalia, kwa sababu mti ule hauzai kila mwaka.

Jirani yangu, bi mkubwa mzaliwa wa Tanga, alikuja akaitazama ile chupa. "Mwanangu, achari na maji ni maadui. Hata kijiko chenye unyevu kinaiua." Akanionyesha kosa la pili: mafuta yangu hayakufunika embe. Kipande kinachochomoza juu ndicho kinachoanza kuota ukungu, kisha kinaambukiza vingine. Tangu siku hiyo nina kijiko cha achari peke yake, kikavu, hakigusi mchuzi.

Mchana tumekula sato wa kukaanga na ugali wa muhogo, na kwa kila mtu kipande kimoja cha ndimu pembeni. Mwanangu wa mwisho kakunja uso, kisha akaomba kingine.

Jioni kaka kapiga simu. Upepo wa juzi umeangusha embe changa nyingi, atazipakia kwenye basi la asubuhi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kungoja kivuko, saa nne nitakuwa stendi. Nimeosha chupa mbili kubwa, nimezipindua juu ya kitambaa zikauke.