Sanduku la bati la baba mdogo

Jumamosi nilimpelekea baba mdogo dawa zake za presha kule Majengo, nikamkuta uani ameanika sanduku la bati. Shikamoo yangu aliitikia bila kuinua kichwa. Mchwa walikuwa wamelifikia daftari lake la mpira.

Ni kaunta buku nene. Karibu kila ukurasa una kipande cha gazeti la Uhuru au Mzalendo, amekigandisha kwa uji wa sembe. Uji huo ndio mchwa walioufuata.

Akanifungulia ukurasa wa Ndola, Zambia, Agosti 1979. Nchi ndiyo kwanza inatoka vitani Uganda. Taifa Stars, timu yetu ya taifa, ilishaifunga Zambia 1-0 Dar es Salaam, kwa hiyo kule sare ilitosha kutupeleka AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika. Zambia wakatangulia kufunga. Baba mdogo anasema uani kwao watu walijaa wakiizunguka redio moja ya betri, hakuna aliyekohoa. Peter Tino aliposawazisha, mtu akaipiga teke redio kwa furaha, mwisho wa mechi wakausikilizia kwa jirani. Pembeni ya habari ile ameandika kwa penseli neno moja, "Tino", na kulipigia mstari hadi karatasi ikatoboka.

Kisha Lagos, Machi 1980, kwenye AFCON yenyewe. Nigeria, ambao ndio waliolibeba kombe, walitufunga 3-1. Misri 2-1. Na Ivory Coast tukatoka 1-1.

"Kila mechi tulifunga bao, mwanangu. Mkambi moja, Thuwein Ali mawili. Hilo watu hawalisemi."

Picha ya kikosi imeliwa nusu. Waliosimama wapo, nahodha Leodegar Tenga akiwa mmojawapo. Waliochuchumaa wote wamekwenda na mchwa. Baba mdogo akaweka kidole kwenye tundu, akawataja mmoja mmoja kuanzia kushoto. Niliyaandika majina yote. Makumbusho ya mpira wetu kwangu yangeanzia hapo, kwa wazee wanaojua nani alikaa wapi kwenye picha, kabla ya jezi na vikombe. Nina uchungu kwamba nimechelewa hivi kumuuliza.

Nikapiga picha ukurasa kwa ukurasa mpaka adhana ya magharibi. Baada ya Lagos kuna kurasa 12 tupu. Alizibakiza kwa ajili ya AFCON yetu itakayofuata. Ilikuja 2019, miaka 39 baadaye, wakati huo macho yake hayasomi tena gazeti.

Kurasa hizo hazina uji. Mchwa hawajazigusa.